Wachoraji wa Budapest walichukua nini kwa Cézanne?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nafundisha sanaa sekondari. Nimekutana na picha za kundi la Hungaria liitwalo Nyolcak, yaani "Wanane", na kila mahali nasoma kwamba walimfuata Cézanne, mchoraji wa Kifaransa. Nitalionaje hilo kwenye picha yenyewe? Na wao waliziona wapi kazi zake?

JIBU: Marahaba. Anza na vivuli. Wengi wetu tukitaka tufaha lionekane duara tunatia nyeusi au kahawia upande usio na mwanga. Cézanne haongezi giza, anabadilisha rangi: njano inaingia kwenye rangi ya chungwa, kisha nyekundu, na ukingoni inatokea kijani au buluu. Mipigo ya brashi inalala sambamba, mmoja juu ya mwingine, kama makuti yaliyoezekwa. Kisha fuata ukingo wa meza kwenye picha zake za matunda. Mara nyingi unapita chini ya kitambaa, na ukitokea upande wa pili haulingani na ulikoanzia. Si kwamba alishindwa kupiga mstari. Picha ilihitaji hivyo.

Sasa chukua wapanda farasi kando ya maji wa Károly Kernstok, mmoja wa Wanane, picha ya mwaka 1910. Usitafute mipigo ile, hutaiona sana. Angalia jinsi miili ilivyojengwa na kupangwa, bila kisa chochote cha kusimuliwa. Kwa maoni yangu huyo alimwelewa Cézanne kuliko wanaoiga matufaha yake. Ila tahadhari: rangi kali na mistari minene ya Wanane mara nyingi inatoka kwa Matisse, mchoraji mwingine wa Kifaransa.

Waliziona wapi kazi za Cézanne? Kwanza Paris, walikokwenda kusoma. Mwaka 1907, mwaka mmoja baada ya kifo chake, maonyesho ya sanaa ya Salon d'Automne yalionyesha kazi zake zaidi ya 50. Lakini Budapest nako kulikuwa na Marcell Nemes, tajiri wa biashara ya makaa ya mawe, ambaye mwaka 1909 alinunua ile picha ya Cézanne ya mvulana mwenye kizibao chekundu. Mwaka 1913 aliuza sehemu kubwa ya mkusanyo wake kwa mnada Paris. Mvulana huyo sasa yuko Zürich. Picha iliibwa mwaka 2008, ikapatikana Belgrade mwaka 2012.

Itafute hiyo uionyeshe darasani. Mkono mmoja ni mrefu kupita kiasi. Waambie wanafunzi waupime kwa rula, kisha wachore upya picha nzima wakiwa wameufupisha, waone kinachoharibika.