Akichelewa kujibu meseji, tumbo linanivuruga

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 28, nipo Mwanza, nafanya kazi ya uhasibu. Nina mchumba wa miaka miwili. Akichelewa kujibu meseji tumbo linanivuruga, mikono inatoka jasho, naona tayari kapata mwingine. Juzi alikuwa kikaoni, nikampigia mara 17. Kasema wazi kachoka. Nikiwa mdogo mama alizoea kuwaambia wageni, "Huyu ana akili, ila sura kachukua dada yake." Mpaka leo mtu akinisifia najua ananidanganya. Rafiki yangu anasema nimwone mnasihi. Si watu wa Mirembe wale? Na mtu nisiyemjua nitamweleza nini?*

Marahaba, mwanangu.

Tuanze na hiyo Mirembe. Ni hospitali ya afya ya akili iliyoko Dodoma, na jina lake tumeligeuza tusi nchi nzima, masikini, wakati wanaotibiwa pale ni wagonjwa kama wagonjwa wengine. Na hata lile neno ushauri nasaha, wengi wetu tulilizoea kwenye vyumba vya kupimia ukimwi, ndiyo maana mtu akitoka huko anaangalia kwanza nani kamwona. Wewe Dodoma huendi. Hapo hapo Mwanza, hospitali ya Bugando kuna idara ya afya ya akili. Nenda useme unataka kuonana na mwanasaikolojia, basi. Anayekuuliza unaumwa nini, mwambie tumbo. Si uongo.

Sasa huko ndani. Mtakaa kwenye viti, mnatazamana, dakika 45 hadi saa nzima. Pengine atakuomba umsimulie ile siku ya simu 17, na atakwenda nayo polepole kuliko unavyopenda. Saa nane na dakika kumi ulituma meseji. Saa nane na ishirini tiki zikawa za bluu, kimya. Hapo kichwani kilipita nini? "Kanichoka." Uliamini kwa asilimia ngapi? Tisini. Ushahidi ulikuwa upi? Utanyamaza. Kisha utakumbuka kwamba asubuhi alikuambia ana kikao saa nane.

Njia hii ilianzishwa na daktari wa Marekani, Aaron Beck, miaka ya 1960, alipogundua kwamba wagonjwa wake wa sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha, walikuwa na mawazo yanayopita mbio kichwani, nao wakiyaamini bila kuyahoji. Utapewa na kazi ya nyumbani: daftari la kuandika wazo kabla ya kushika simu, au kukaa robo saa bila kupiga, kisha nusu saa. Mara ya kwanza utaona kama unakufa. Mara nyingi huchukua vikao kati ya 6 na 20, kwa hiyo usikate tamaa ukitoka cha kwanza huoni tofauti.

Kama unaona hayo ni ya Wazungu, Wazimbabwe wana neno, *kufungisisa*, kuwaza kupita kiasi. Sisi tunasema mtu "ana mawazo". Huko Harare mwaka 2006 Dk. Dixon Chibanda alianza na bibi 14, akawafundisha kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasaidia kulichambua tatizo moja moja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha waliokaa na bibi hao walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Bibi, mwanangu, na benchi!

Kuhusu mama yako, sitamsema kwenye safu. Maneno yale aliyasema akicheka, wageni wakanywa chai wakaenda zao, wewe ukabaki nayo. Mnasihi atayarudia, na huenda siku hiyo ukalia. Chukua leso. Mchumba wako hawezi kukutoa hapo hata akijibu meseji ndani ya sekunde mbili, maana hata akikusifia humwamini. Umeandika mwenyewe.

Ila kuna kitu barua yako imeruka: yeye yukoje? Wapo wanaume wanaokaa kimya siku tatu makusudi, wakuone unavyohangaika. Kama ndiye huyo, wasiwasi wako una macho, na usiende kutibiwa ili uweze kumvumilia. Mweleze mnasihi hilo bila kumsitiri. Kama ni mtu mwema aliyechoka tu, baadaye mnaweza kwenda wawili.

Na ukifika pahali unaona heri usingekuwepo, usingoje miadi wala barua yangu. Mwamshe rafiki yako huyo akupeleke hospitali usiku huo huo.

Umeniuliza utamweleza nini mtu usiyemjua. Mimi hunijui pia. Toa simu, umsomee ulichoniandikia, kuanzia pale tumbo linapovurugika.