Maswali yenu: umeme, sumaku na tiba nyingine za akili zisizo vidonge

Mama yangu ana sonona kali. Hali chakula, hasemi. Dawa za aina mbili zimeshindwa, sasa daktari anataka kumtibu kwa umeme. Shangazi zangu wamekataa, wanasema atarudi zezeta. (Binti, Morogoro)

Pole sana, binti yangu. Hofu ya shangazi zako ina chimbuko. Tiba hii ilianzia Roma mwaka 1938, kwa madaktari Ugo Cerletti na Lucio Bini, na miaka ya mwanzo ilifanywa bila nusukaputi. Mwili ulitikisika kwa nguvu hadi wengine wakavunjika mifupa. Habari za namna hiyo hazisahauliki.

Siku hizi mgonjwa hulazwa kwa nusukaputi, akapewa dawa ya kulegeza misuli, kisha umeme ukapitishwa kichwani kwa sekunde chache. Ubongo hupata degedege la dakika moja hivi huku mwili umetulia. Pengine utaona mguu ukichezacheza tu. Degedege hilo ndilo linalotibu. Hurudiwa mara mbili au tatu kwa wiki, jumla mara 6 hadi 12. Kwa mgonjwa aliyegoma kula, tiba za sonona zinazofanya kazi upesi kama hii ni chache mno, na mimi ningekuwa upande wa daktari.

Lakini usifichwe: kumbukumbu huguswa. Atasahau siku za matibabu, labda na mambo ya miezi iliyotangulia. Mengi hurudi, ila wapo wanaobaki na mapengo. Kabla ya kukubali, uliza: mtaalamu wa usingizi yupo? Oksijeni ipo? Wakikuambia wanafanya bila nusukaputi, kataa, omba rufaa. Na mama mwenyewe aelezwe na aombwe ridhaa, hata kama hajibu. Kunyamaza kwake si kwamba hasikii.

Kaka yangu yuko Ujerumani, anatibiwa sonona kwa sumaku kichwani. Ndiyo hiyohiyo? (Msomaji, Mombasa)

Hapana. Kaka yako hukaa kitini akiwa macho, koili ya sumaku (waya uliozungushwa) ikawekwa juu ya kichwa, mara nyingi upande wa kushoto mbele. Hakuna nusukaputi wala degedege. Anthony Barker na wenzake wa Sheffield, Uingereza, ndio walioonyesha mwaka 1985 kwamba sumaku inaweza kuamsha ubongo hivyo, na Marekani iliiruhusu kwa sonona mwaka 2008. Kichwa huweza kuuma. Degedege hutokea kwa nadra sana. Mwenye chuma ndani ya kichwa haimfai. Tatizo la kwetu ni kwamba mashine ni chache, na tiba ni siku tano kwa wiki, wiki nne hadi sita. Nauli na malazi ya mjini humshinda mtu kabla hajalipia tiba yenyewe.

Nimeona mtandaoni mkanda wa kichwa wa betri wa kutibu msongo na sonona. Ninunue?

Usiharakishe. Umeme wake ni hafifu, na majaribio yamepingana: mengine yameona nafuu, mengine hayakuona tofauti. Muulize kwanza daktari wako. Kuunganisha nyaya mwenyewe nyumbani, hapana kabisa. Utaungua ngozi.

Nimechoka vidonge, vimeninenepesha. Nataka kuviacha nibaki na mazoezi na maombi.

Uchovu wako ni wa haki, na daktari anayeupuuza anakosea. Mwambie wazi, dozi hupunguzwa, dawa hubadilishwa. Usikate ghafla, maana ugonjwa hurudi, tena mara nyingine kwa kishindo. Mazoezi husaidia kweli kwenye sonona, hata kutembea kwa haraka tu. Kama ugonjwa wako ni skizofrenia, ule wa kusikia au kuona yasiyokuwepo, mazoezi yakae pamoja na dawa. Maombi endelea nayo, ila anayekuambia utupe dawa ili uponywe, ondoka kwake.

Kijijini hatuna daktari wa akili. Kuongea tu kunatibu?

Kunatibu, na ushahidi uko jirani. Katika vijiji vya Masaka na Rakai, Uganda, wenye sonona walikaa vikundi kila wiki kwa wiki 16, wakiongozwa na wenyeji waliofunzwa wiki mbili tu. Walizungumza misiba, ugomvi, maisha yaliyobadilika. Matokeo yalitoka mwaka 2003: kabla ya vikundi, washiriki 86 katika kila 100 walikuwa na sonona kamili, baadaye hawakufika 7. Vijiji visivyo na vikundi vilibaki na kama 55. Harare, Zimbabwe, nako, tangu 2006, Daktari Dixon Chibanda amewafunza bibi kukaa benchini na wagonjwa na kutatua tatizo mojamoja. Benchi hilo limefika hadi Zanzibar.

Nenda zahanati ukamuulize mhudumu wa afya ya jamii kama kuna kikundi au mshauri wa karibu. Ila anayezungumzia kujiua asingoje siku ya kikundi. Apelekwe hospitali usiku huohuo, na asiachwe peke yake hata njiani.