Paka anaanguka kifafa: ni sumu ya madini ya risasi?

SWALI: Paka wetu hapa Katwe, Kampala, ameanguka mara mbili akitupa miguu na kutoa povu. Jirani hupasua betri kuukuu za magari. Yaweza kuwa sumu ya risasi, yale madini yaliyomo kwenye betri hizo?

JIBU: Yaweza. Vumbi lake hunata kwenye manyoya, naye akijilamba hulimeza. Lakini je, mmempaka dawa ya viroboto ya mbwa? Permethrini, kiuadudu kinachotiwa kwenye baadhi ya dawa hizo, ni sumu kali kwa paka. Tungeshuku hiyo kwanza. Daktari wa mifugo apime risasi kwenye damu nzima, si majimaji yake tu, maana hukaa ndani ya chembe nyekundu. Dawa ya kuiondoa ipo, ila haifui dafu paka akirudi kwenye vumbi lile lile. Degedege likizidi dakika 5, mkimbizeni kliniki. Msimtie chochote mdomoni.