Maswali na majibu: Kare udon jikoni kwako

Wiki hii maswali yote ni ya kare udon, zile tambi nene za ngano ambazo Wajapani huzila ndani ya supu nzito ya bizari ya mchuzi, yaani kari.

Mchuzi wangu wa bizari ni mtamu, lakini nikiuongeza maji uwe supu unapooza. Nakosea wapi?

Kwenye maji. Supu hii haipikwi kwa maji matupu bali kwa dashi, ambayo ni supu nyepesi ya mwani mkavu uitwao kombu na samaki wa jamii ya jodari aliyekaushwa kwa moshi kisha akaparwa vipande vyembamba mno. Roweka gramu 10 za kombu katika lita moja ya maji kwa nusu saa, kisha weka moto mdogo. Opoa mwani kabla maji hayajachemka, maana ukichemka hutoa utelezi na ladha kali. Tia konzi mbili za samaki, zima moto, ngoja dakika 2, chuja. Hapo ndipo bizari inapoingia, vijiko vikubwa 2 vilivyokaangwa kidogo pamoja na kitunguu na nyama iliyokatwa nyembamba. Malizia kwa vijiko vikubwa 3 vya sosi ya soya na kimoja cha sukari.

Niko Tanga, kombu siipati. Nifanyeje?

Tumia dagaa wa baharini, tena bila wasiwasi wowote. Mkoa wa Kagawa, unaosifika Japani nzima kwa udon, hupika dashi kwa iriko: visamaki vidogo vya baharini vilivyochemshwa kwa maji ya chumvi na kukaushwa. Dagaa wa Zanzibar hutayarishwa hivyo hivyo. Chagua wanaong'aa kifedha. Waliogeuka manjano mafuta yao yameshaharibika. Ng'oa kichwa na utoe ule utumbo mweusi, ndio wenye uchungu. Gramu 30 kwa lita moja, roweka nusu saa au usiku kucha, chemsha taratibu dakika 10 bila kufunika, ukiengua povu. Onja kabla ya kutia soya kwa sababu chumvi wanayo tayari. Wale wa ziwani siwapendekezi hapa, harufu yao itafunika kila kitu.

Kuna vibonge vya kari vya Kijapani dukani. Ni halali?

Soma pakiti kila mara. Baadhi vina mafuta ya nguruwe. Angalia na mirin, kiungo kitamu cha mchele ambacho mapishi mengi hukitaja: ile halisi ina kilevi cha asilimia 14 hivi. Sukari inatosha badala yake. Hata sosi ya soya, zipo zinazoongezwa alkoholi isiharibike.

Niitie tui la nazi?

Hapana. Mimi na tui hatuachani, lakini hapa litaimeza dashi, na dashi ndiyo supu yenyewe.

Inakuwaje nzito bila unga wa ngano?

Kwa wanga wa viazi, au konflaua. Koroga vijiko vikubwa 3 katika maji baridi, mimina kidogo kidogo supu ikichemka huku ukikoroga, iache itokote dakika moja. Itang'aa na kung'ang'ania tambi. Uzito huo pia huhifadhi joto, kwa hiyo watoto wapoozee kwanza.

Spageti zinafaa?

Zitashibisha, ila hazina ule ulaini unaovutika. Kanda gramu 300 za unga wa ngano kwa mililita 140 za maji yaliyoyeyushwa gramu 15 za chumvi. Donge ni gumu. Wajapani hulitia ndani ya mfuko mnene wa plastiki na kulikanyaga kwa miguu. Lipumzishe saa moja au mbili, sukuma kwenye kibao cha chapati hadi unene wa milimita 3, nyunyiza konflaua, kunja, kata nyembamba. Chemsha dakika 10 hadi 12 katika maji mengi yasiyo na chumvi, kisha suuza kwa maji baridi ukizisugua kwa viganja mpaka utelezi uishe. Zirudishe kwenye supu zipate moto, nyunyiza majani ya kitunguu, na usivae nguo nyeupe: migahawa mingi ya Japani humpa mlaji aproni ya karatasi kwa sababu ya matone ya bizari.