Majina mawili juu ya wimbo mmoja: mtunzi ni yupi?

SWALI: Mimi ni katibu wa kwaya. Tunachapa kijitabu cha nyimbo, na kila wimbo unatakiwa uwe na jina la mtunzi. Kwa "Neema ya Ajabu", kitabu kimoja kimeandika John Newton, kingine New Britain pamoja na tarakimu 8.6.8.6. Mtunzi ni nani? Na ni kweli aliutunga melini usiku wa dhoruba?

JIBU: Ndugu katibu, vitabu vyote viwili viko sahihi. Wimbo wa ibada una maneno na una tuni, na mara nyingi hivyo viwili havikuzaliwa siku moja. Newton ndiye mwenye maneno. New Britain si mtu, ni jina la tuni.

Tarakimu hizo ni mizani, kama tunavyohesabu katika mashairi: mstari wa kwanza silabi 8, wa pili 6, kisha 8 na 6 tena. Maneno ya mizani hiyo huingia katika tuni yoyote ya mizani hiyo. Jaribuni mazoezini: chukueni maneno ya Newton kwa Kiingereza, myaimbe kwa St. Anne, tuni inayoimbiwa maneno ya Isaac Watts yatokanayo na Zaburi ya 90. Yatakaa sawasawa, hakuna silabi itakayobaki nje. Ndiyo maana maneno yake yaliweza kuimbwa kwa tuni mbalimbali, mpaka William Walker wa Marekani alipoyaoanisha na New Britain mwaka 1835. Aliyeitunga tuni hiyo hajulikani. Newton alishafariki tangu 1807, kwa hiyo mwoano huu tunaoupenda hakuwahi kuusikia.

Dhoruba ilikuwepo kweli, Machi 1748, na Newton alimlilia Mungu humo. Lakini wimbo haukutungwa usiku ule, na naomba sana msichape hivyo. Baada ya kunusurika aliendelea na biashara ya utumwa, akawa hata nahodha wa meli zilizobeba Waafrika waliofungwa minyororo, hadi alipoacha bahari mwaka 1754. Maneno aliyaandika akiwa mchungaji Olney, Uingereza, kwa ibada ya tarehe 1 Januari 1773. Somo lilikuwa 1 Mambo ya Nyakati 17, pale Daudi anapomwuliza Mungu yeye ni nani hata afikishwe hapo alipo. Mwaka 1788 alitoa kijitabu cha kuilaani biashara ile na kukiri sehemu yake. Miaka 40 tangu dhoruba! Mimi habari hii hunigusa kuliko ile ya usiku mmoja, maana inaonyesha toba iliyokuja polepole na kwa uchungu.

Wimbo wa "Ni Salama Rohoni Mwangu" nao una wawili. Maneno ni ya Horatio Spafford, aliyepoteza binti zake wanne meli ya Ville du Havre ilipozama Novemba 1873. Muziki ni wa Philip Bliss, 1876, na tuni yake inaitwa kwa jina la meli ile ile. "Ndiyo Dhamana" ulienda kinyume: Phoebe Knapp alipiga tuni kwanza, ndipo Fanny Crosby, aliyekuwa kipofu tangu utotoni, akaitilia maneno.

Kwa hiyo chini ya kila wimbo wekeni mistari miwili, "Maneno" na "Tuni", na wa tatu kwa mfasiri kama kitabu chenu kimemtaja. Mfasiri anastahili kutajwa. Kiswahili hutumia silabi nyingi kuliko Kiingereza, na kulibana wazo katika mizani ile ile ni kazi ya mshairi.

Jambo moja kabla hamjapeleka kwa mchapaji: kama toleo lenu lina ubeti wa mwisho unaotaja miaka elfu kumi, huo si wa Newton. Haumo katika kitabu cha nyimbo za Olney alichokitoa mwaka 1779. Uimbeni, ila msiuweke chini ya jina lake.