Aprikoti na lokwati katika pwani ya San Diego
Umeuliza, ndugu, kama mti wa aprikoti utazaa karibu na bahari huko San Diego, California. Utazaa, mradi uchague aina zisizodai baridi nyingi, kama Katy au Gold Kist, ambazo hutosheka na takriban saa 300, kwa jumla ya majira yote ya baridi, za baridi ya chini ya nyuzi 7 za Selsiasi, kwa kuwa aina za kawaida zikiikosa baridi yao huchipua kwa kusuasua na kutoa maua machache. Mlokwati, mti wa lokwati, yale matunda madogo ya manjano yanayozaliwa kwa vichala, hauna shida hiyo. Mimi ningepanda Big Jim, aina iliyotokea papo hapo San Diego, na kila kichala ningekipunguza kibaki na matunda manne au matano, yangali machanga na yenye vinyweleo laini, ili yanenepe.