Mchungaji, nitajifunzaje kuiamini Biblia kuwa ni kweli?

SWALI

Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Nimezaliwa katika nyumba ya Kikristo, nikabatizwa nikiwa mtoto, nikapata kipaimara. Sasa niko chuo, mwaka wa pili, na hosteli tunakaa watu wa dini zote na wengine wasio na dini. Mwenzangu wa chumbani aliniuliza, "Unajuaje kama Biblia ni kweli?" Nikamjibu kwamba ni Neno la Mungu. Akaniuliza nani kasema. Nikamsomea 2 Timotheo 3:16, kwamba kila andiko lina pumzi ya Mungu. Akasema, "Unazunguka palepale, kitabu kinajishuhudia chenyewe." Mwingine akadakia kwamba Biblia ilibadilishwa, vitabu vyake vilichaguliwa na mfalme kule Nikea, na hata Injili hazipatani ni nani walioenda kaburini. Sikuwa na la kusema. Tangu siku ile nikisoma, macho yanasoma ila moyo haupo. Nilimwendea mzee mmoja wa kanisa, akaniambia niache kuuliza, nitamkosea Mungu. Je, nitajifunzaje kuiamini Biblia? Na je, naruhusiwa kwenda Meza ya Bwana nikiwa na mashaka haya?

JIBU

Binti yangu, asifiwe milele. Kuuliza si kumkosea Mungu. Waberoya walimsikia Paulo mwenyewe akihubiri, na bado wakayachunguza maandiko kila siku waone kama mambo ndivyo yalivyo. Luka hakuwakemea, aliwaita waungwana (Matendo 17:11). Vijana wengi ninaowaona wakiliacha kanisa hawakuondoka kwa sababu waliuliza. Waliondoka kwa sababu walinyamazishwa.

Mwenzako wa chumbani hakukosea kuhusu mzunguko. Aya ya 2 Timotheo ni kweli, nami nimeihubiri mara nyingi. Lakini aya hiyo aliandikiwa Timotheo, mtu aliyeyajua maandiko tangu utotoni na aliyekuwa tayari amemwamini Kristo. Kwake ilikuwa neno la kumthibitisha. Kwa asiyeamini, haiwezi kuwa hoja ya kwanza, na Paulo mwenyewe hakuitumia hivyo alipokuwa Athene mbele ya watu wasiomjua Mungu wa Israeli. Kwa hiyo usione aibu kwamba jibu lako lilikwama. Lilianzia mahali pasipokuwa mwanzo.

Mwanzo ni Kristo. Sikiliza alivyowaambia watu walioyajua maandiko kuliko wewe na mimi: "Mwayachunguza maandiko, kwa sababu mnadhani kwamba ninyi mna uzima wa milele ndani yake, na hayo ndiyo yanayonishuhudia. Wala hamtaki kuja kwangu mpate kuwa na uzima" (Yohana 5:39-40). Hawa waliliheshimu andiko, wakalihifadhi na kulikariri, na bado walimkosa yule linayemhusu. Imani yetu sisi si kwamba tunakiamini kitabu kwanza, halafu kitabu kinatuambia tumwamini Yesu. Mtu anakutana na Yesu anayeshuhudiwa na mitume, anamwamini, na kwa kuwa anamwamini Yesu anakipokea kitabu kilichokuwa mikononi mwake. Yeye alimjibu Ibilisi jangwani kwa "imeandikwa". Msalabani alilia kwa maneno ya Zaburi ya 22. Akiwa njiani kwenda Emau, alianza na Musa na manabii akawaeleza wale wawili mambo yaliyomhusu. Mimi nayaheshimu maandiko hayo kwa sababu Bwana wangu aliyaheshimu. Martin Luther alisema Maandiko ni hori na nguo alizovikwa mtoto Yesu: vitu duni kwa kuvitazama, lakini hazina iliyolala ndani yake ni kubwa. Shika hilo hori vizuri, lakini ujue umelishika kwa ajili ya nani.

Utaniuliza: na huyo Yesu nitamjuaje kama si kwa kitabu hichohicho? Swali zuri. Unamjua kwa ushuhuda wa watu waliomwona, na ushuhuda wa watu unaweza kupimwa hata na asiyeamini bado kwamba una pumzi ya Mungu.

Chukua 1 Wakorintho 15. Barua hiyo iliandikwa miaka ya 50 baada ya Kristo, yaani miaka kama 20 na kitu tangu kusulubiwa. Humo Paulo anasema aliwapa Wakorintho kile ambacho yeye naye alikipokea: kwamba Kristo alikufa, akazikwa, akafufuka, akamtokea Kefa, yaani Petro, kisha wale Thenashara, kisha ndugu zaidi ya mia tano pamoja, na wengi wao wangali hai. Mtu anayetunga hadithi hawaambii wasomaji wake kwamba mashahidi wapo, nendeni mkawaulize. Na alikipokea kutoka kwa nani? Ukisoma Wagalatia 1:18-19 utakuta alipanda Yerusalemu miaka mitatu baada ya kuitwa kwake, akakaa kwa Petro siku 15, akamwona na Yakobo ndugu yake Bwana. Huyu Paulo aliyekuwa akiwatesa Wakristo aliongea ana kwa ana na watu waliokula na Yesu. Mimi ninapokosa usingizi kwa mambo ya imani, narudi kwenye siku hizo 15.

Sasa habari ya kaburini. Ni kweli Mathayo anataja wanawake wawili, Marko watatu, Luka anataja watatu na wengine pamoja nao, na Yohana anamtaja Mariamu Magdalene peke yake. Lakini soma Yohana 20:2 polepole. Mariamu anawaendea Petro na yule mwanafunzi mwingine anawaambia wamemwondoa Bwana kaburini, "wala hatujui walikomweka". Hatujui, sisi. Hakuwa peke yake. Yohana alichagua kumfuata mmoja. Waandishi wa Injili wanachagua, wanafupisha, wanapanga habari kwa namna ya watu wa zama zao. Yapo mengine yanayotaka kazi zaidi, kama habari za kifo cha Yuda katika Mathayo 27 na Matendo 1, na sitaki kukudanganya kwamba kila tofauti inafutika kwa sentensi moja. Ila tazama kile wanachopatana wote wanne: kaburi lilikuwa wazi, na wa kwanza kulikuta hivyo walikuwa wanawake. Katika jamii ile ushuhuda wa mwanamke ulidharauliwa. Mitume wenyewe waliposikia waliona ni upuuzi, wakakataa kusadiki (Luka 24:11). Kama kanisa lingekuwa linabuni, lisingeanza na mashahidi wasioaminika, wala lisingeandika kwamba nguzo zake zote zilikuwa na mashaka, na kwamba mkubwa wao alimkana Bwana mara tatu.

Haya ya Nikea nitayapitia haraka, maana yanasambaa sana na hayana mizizi. Mtaguso wa Nikea, yaani mkutano wa maaskofu wa mwaka 325, uliitishwa kwa sababu ya mafundisho ya Ario juu ya Mwana wa Mungu, ukashughulikia na tarehe ya Pasaka. Kanuni 20 ulizozitoa hazina orodha ya vitabu vya Biblia. Irenayo, askofu wa Lyon, alikuwa ameshaandika juu ya Injili nne, si zaidi wala pungufu, yapata mwaka 180, wakati hakuna mfalme wa Rumi aliyekuwa Mkristo. Orodha kamili ya vitabu 27 vya Agano Jipya tunaikuta katika barua ya Pasaka ya Athanasio wa Aleksandria ya mwaka 367, naye alikuwa anataja vitabu ambavyo makanisa yalikuwa yakivisoma, si anavibuni. Wakatoliki wana vitabu 73 na sisi 66, ndiyo. Tofauti iko katika Agano la Kale, na hizo 27 tunazo sawasawa.

Na kubadilishwa je? Mwaka 1947 wachungaji wa Kibedui walikuta magombo katika pango la Kumrani, karibu na Bahari ya Chumvi. Moja lilikuwa kitabu cha Isaya, chenye sura zote 66. Lilikuwa na umri wa miaka kama elfu zaidi ya nakala za Kiebrania zilizokuwa zikitumika hadi wakati huo. Walipolinganisha walikuta tofauti za tahajia na za maneno hapa na pale, lakini Isaya ni yuleyule, na yule Mtumishi wa sura ya 53 aliyejeruhiwa kwa makosa yetu yumo. Kwa Agano Jipya tuna nakala za Kigiriki zaidi ya elfu tano, nyingine kamili, nyingine vipande. Kwa sababu ni nyingi na zilitoka nchi mbalimbali, aliyekosea kunakili mahali pamoja anagunduliwa na nakala za mahali pengine. Nakuambia mapema usije ukaambiwa kwa kejeli: mwisho wa Marko (16:9-20) na habari ya mwanamke aliyefumaniwa (Yohana 7:53–8:11) hazimo katika nakala za zamani zaidi tulizonazo. Matoleo mengi ya siku hizi yanaonyesha hivyo waziwazi kwa alama au kwa maelezo chini ya ukurasa. Hakuna fundisho la imani linalosimama juu ya sehemu hizo peke yake, na watu wanaoficha hawaandiki maelezo chini ya ukurasa.

Basi hayo yote yamekufikisha wapi? Yamekufikisha mlangoni. Gombo la Isaya linaweza kukuthibitishia kwamba maneno yalihifadhiwa. Haliwezi kukuthibitishia kwamba Mungu amesema. Hapo ndipo imani inapoingia, na nakuomba unisikilize hapa kuliko mahali pengine pote, kwa sababu nadhani shida yako kubwa iko hapa na si Nikea.

Kulikuwa na kijana Mwafrika aitwaye Agostino, aliyezaliwa mwaka 354 huko Thagaste, Algeria ya leo. Mama yake, Monika, alikuwa Mkristo. Kijana akaenda masomoni Karthago, kama wewe ulivyoenda chuo. Akiwa na miaka kama 19 alifungua Biblia, akaiona duni, haina ufasaha kama vitabu vya Kirumi alivyovipenda. Akaifunga. Akajiunga na Wamani, wafuasi wa dini ya mtu aitwaye Mani, waliomwahidi kwamba wao hawamlazimishi mtu kuamini, wanathibitisha kila jambo kwa akili, nao walikuwa hodari wa kuonyesha makosa ya Agano la Kale. Alikaa nao miaka kama tisa.

Kilichombadilisha hakikuwa mjadala. Alifika Milano, akakutana na askofu Ambrosi. Agostino mwenyewe ameandika kwamba Ambrosi alimpokea kama baba, na kwamba yeye alianza kumpenda, si kwanza kama mwalimu wa kweli, maana hakuwa na tumaini la kuipata kanisani, bali kama mtu aliyemtendea wema. Akaenda kusikiliza mahubiri yake kwa ajili ya ufasaha tu. Taratibu, maneno yakaingia pamoja na ufasaha. Akaona kwamba yale aliyoyacheka katika Agano la Kale hakuwa ameyaelewa. Kisha akatambua jambo lingine: kwamba anaamini mambo mengi ambayo hakuyaona wala hawezi kuyathibitisha, miji asiyofika, matukio ya kabla hajazaliwa, hata kwamba wazazi wake ndio wazazi wake, alilijua kwa kuambiwa tu. Hakuna mtu anayeishi bila kuwaamini mashahidi. Swali la haki ni kama shahidi huyu anastahili. Mwaka 386, bustanini, akafungua barua kwa Warumi akasoma "mvaeni Bwana Yesu Kristo", na Pasaka ya mwaka uliofuata Ambrosi akambatiza.

Naona faraja katika jinsi ilivyochukua muda mrefu. Wewe unataka moyo urudi wiki hii. Kuamini hujifunzwa kwa kukaa na mtu, na Kristo ndivyo anavyojifunua. Alisema, "Mtu akipenda kuyatenda mapenzi yake, atajua habari ya yale mafunzo, kwamba yatoka kwa Mungu" (Yohana 7:17). Kutenda kunatangulia kujua. Kuna mambo katika Mahubiri ya Mlimani hutajua kama ni kweli mpaka uyafanye. Msamehe yule aliyekukosea, umwombee kwa jina, kisha usome tena Mathayo 5. Hilo ndilo jaribio ambalo hosteli nzima haiwezi kukufanyia. Na uhakika wenyewe ukija, hautakuwa wa kujitengenezea. Ni kazi ya Roho Mtakatifu, ambaye anakuja kwa neno lilelile tunalolisoma. Mwombe.

Kuhusu Meza ya Bwana, njoo. Soma Mathayo 28:17: wanafunzi walipomwona aliyefufuka walimsujudia, "lakini baadhi yao waliona shaka". Waliosujudu na wenye shaka walikuwa mlima mmoja, na Yesu hakuwatenga. Aliwatuma wote kwa mataifa. Baba wa yule mtoto mwenye pepo alisema, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu" (Marko 9:24), na mtoto akaponywa. Asiyestahili ni yule asiyetaka Kristo kabisa. Wewe unalia kwa sababu unamtaka.

Anza na Injili ya Luka, sura moja kwa siku, zote 24. Huyu mwandishi anasema wazi mwanzoni kwamba alijitafutia usahihi wa mambo yote ili Theofilo apate kujua hakika ya yale aliyofundishwa. Theofilo alikuwa katika hali kama yako: amefundishwa, sasa anataka hakika. Usisome ukitafuta makosa wala ukitafuta majibu ya kumpa mtu. Mtazame Yesu anavyosema na anavyotenda, na baada ya kila sura mwambie, kwa maneno yako, ulichokiona. Kinachokukwaza kiandike kwenye daftari, uje nacho ofisini kwangu baada ya ibada. Epuka kwa sasa video za mabishano ya dini, za upande wetu pia.

Na mwenzako wa chumbani usishindane naye. Petro anasema tujibu kwa upole na kwa hofu. Mwambie aliuliza swali la kweli, na jibu lako la kwanza halikutosha. Kisha muulize kama angependa msome Luka pamoja.